Nasaba Zetu Zina Baba Tu

Jamani, tusidanganyane. Hapa Mtambile, ukimuuliza mwenye karatasi ya nasaba, atakwambia babu yao alishuka jahazini kutoka Shirazi. Basi. Mjadala umefungwa.

Mimi naufungua. Tarikh ya Kilwa inataja majahazi saba, baba na wanawe sita, moja likatia nanga Pemba. Lakini iliandikwa karne ya 16, mamia ya miaka baada ya safari inayosimuliwa. João de Barros, Mreno aliyechapisha mwaka 1552, anasimulia vingine: Ali alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Hicho kipande mbona hatukirithi?

Wengine watasema basi yote ni hadithi tupu. Hapana. Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, kisiwani humuhumu, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingine zina jina la Ali bin al-Hasan. Mtawala huyo alikuwepo. Ila sarafu haisemi mwenyewe alizaliwa wapi.

Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani ulichapishwa katika jarida la Nature: kwa wengi, damu ya Uajemi ilipitia kwa wanaume, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Akina mama? Karibu wote Waafrika.

Kwa hiyo wazee hawakusema uongo, walisimulia nusu. Sisi tuliosoma ndio hatuna udhuru. Ukiniletea shajara ya vizazi kumi isiyo na jina hata moja la mwanamke, usiniambie hiyo ni historia ya ukoo wenu.