Mbwa Akianguka, Tutafute Sumu Kabla ya Kutafuta Adui



Mwaka jana, wakati wa kuvuna mahindi, mbwa wa jirani yetu alianguka asubuhi. Mate yanatoka kama povu la sabuni, miguu inatetemeka, amejiharia. Kabla mtu hajamwangalia vizuri, sisi vijana tulikuwa tumeshapata mwenye kosa: mwenyeji mmoja wa kijiji cha karibu, kwa sababu mbwa yule aliwahi kumuuma mbuzi wake. Na mimi nilikuwa kati ya wale waliopanga kumfuata. Saa sita mbwa akafa, hakuna aliyemsaidia. Jioni mama mmoja wa bloku yetu akasema mwenyewe, huku analia: usiku alichanganya dawa ya panya na chisense kavu, akaiweka chini ya mahindi yake.

Fikirieni kama tungekuwa tumeshafika kule kijijini.

Tangu 2018 tunaishi hapa Nchelenge na wenyeji, tunalima jirani nao, tunauziana nao soko moja. Kwa maoni yangu, mbwa akiumwa ghafla swali la kwanza lisiwe "nani amefanya?" Liwe "sumu iko wapi?" Maana chisense ile ingeweza kuokotwa na mtoto.

Dalili zenyewe si ngumu kujua. Dawa nyingi kali za wadudu zinaleta mate mengi, kutapika, kuhara, kutetemeka, degedege, kupumua kwa shida, na mboni za macho zinakuwa ndogo sana. Inaweza kuanza ndani ya dakika chache. Lakini kuna dawa za panya zinazozuia damu kuganda. Hapo mbwa anaweza kuonekana mzima siku mbili, tatu, hata tano, kisha anachoka, ufizi unakuwa mweupe, damu inatoka puani au kwenye mavi. Kwa hiyo usiseme "alikula juzi, imeshapita."

Tufanye nini? Ondoa watoto, kuku na mbwa wengine pale. Vaa mfuko wa plastiki mikononi. Tafuta pakiti, chupa au mabaki ya chakula, uyatunze, kwa sababu mtu wa mifugo anahitaji kujua ni sumu gani. Kuna sumu zinazotibiwa kwa atropini, na zile za damu zinatibiwa kwa vitamini K1. Dawa ya moja haisaidii nyingine. Kama sumu iko kwenye manyoya, osha kwa maji na sabuni. Mpigie afisa wa mifugo mapema, usingoje jioni.

Najua tulivyozoea: maziwa, mafuta ya ngazi, maji ya chumvi, unga wa makala ya jikoni. Tuache. Mbwa anayetetemeka hamezi vizuri. Unachomimina kinaweza kuingia kwenye mapafu, na chumvi nyingi nayo ni sumu. Usimtapishe bila kuambiwa na mtu wa mifugo.

Na jambo moja kubwa zaidi: usiweke mkono mdomoni mwake. Mate na kupooza vinaweza kuwa kichaa cha mbwa, na kwa macho tu huwezi kuwa na hakika. Akikuuma, au mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha kwa maji na sabuni dakika 15, halafu nenda kliniki siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa kikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa akifa, mzike kwa kina pamoja na matapishi. Kuku aliyekufa siku ile asiliwe, hata kama njaa ipo.

Kwenu wafanyakazi wa misaada: mkitufundisha kupiga dawa ya viwavi shambani, tufundisheni pia tuitunze wapi. Nyumba yetu ni chumba kimoja. Bidoni ya dawa inalala karibu na bidoni ya maji. Sanduku lenye kufuli kwa kila bloku, na namba ya afisa wa mifugo ibandikwe kwenye bomba la maji, si mambo makubwa.

Yule mwenyeji mpaka leo hajui kwamba tulitaka kumfuata. Juzi aliniuzia muhogo, akaniongezea miwili juu. Nilishukuru, lakini sikuweza kumtazama usoni.