Deni Lake, Mavuno ya Nani?

Katika milima ya Usambara, kikoba kimekuwa sehemu ya maisha ya mwanamke. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, huchangia mfuko wa jamii na kukopeshana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivipa vikundi hivi nafasi yao katika daraja la nne la watoa huduma hizo. Halmashauri nazo, zikiwemo za Lushoto na Bumbuli, hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo asilimia 4 ni fungu la wanawake. Toleo hili linauliza: je, fedha hizo zimempa mwanamke nguvu?

Tusibeze kilichopatikana. Kikoba kimelipa ada na matibabu. Kimemfundisha kushika daftari, kutunza ufunguo wa sanduku na kusema mbele ya watu. Lakini nguvu kamili ni kuamua, na hapo mkopo peke yake haufiki.

Chukua karoti. Hukaa takribani miezi mitatu shambani, ilhali wakopeshaji wengi hudai marejesho kila wiki, mbegu ikiwa ndiyo kwanza inachipua. Mama hukopa kwingine ili alipe, na mwisho huangukia kwenye kausha damu, mikopo ya riba ya kinyonyaji. Karoti zikikomaa, bei hupangwa na mnunuzi mwenye lori, na gunia hujazwa lumbesa, yaani kupita kipimo, kinyume cha sheria ya vipimo. Jasho la mama linaondoka bila kulipwa.

Kisha kuna ardhi. Kwa mila za Wasambaa, shamba la ukoo hurithiwa zaidi na watoto wa kiume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, lakini koo nyingi bado zinafuata mila. Asiye na shamba hana sauti kubwa juu ya mavuno. Mume akipokea fedha za mauzo, mke hubaki na deni.

Udhaifu huu wa mikopo hauko Lushoto pekee. Tafiti za nchi 6, Ethiopia ikiwemo, zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, zilionyesha kuwa mikopo midogo hainyanyui sana kipato, wala haibadilishi sana nafasi ya mwanamke nyumbani.

Kwa hiyo tunatoa wito. Wakopeshaji, pangeni marejesho yafuate mavuno. Halmashauri, simamieni mizani sokoni. Serikali za vijiji, andikeni jina la mke kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Nasi sote tuache kupima mafanikio kwa idadi ya waliokopeshwa. Tuulize mavuno yameuzwa na nani, na nani ameamua matumizi ya fedha.