Kitufe Kisemacho "Sawa"

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba utayarishaji wa programu za simu ni shughuli ya wenzetu wa kompyuta pekee. Dhana hiyo ni potovu, na ushahidi wangu ni jambo dogo liitwalo fokasi.

Fokasi ni hali ya kitufe kimoja kuteuliwa miongoni mwa vingi ili ndicho kipokee amri ifuatayo. Anayeona na kugusa kioo kwa kidole haihitaji sana. Kwa kawaida, mfumo wa Android haukipi kitufe fokasi ya ingizo kinapoguswa. Mtayarishaji akiilazimisha, mguso wa kwanza huleta fokasi tu, na mtumiaji hana budi kugusa tena.

Kwa asiyeona mambo ni tofauti kabisa. Yeye hutumia kisoma-skrini, yaani TalkBack katika Android au VoiceOver katika iPhone. Hutelezesha kidole, fokasi ya kisoma-skrini (ambayo si ile ya ingizo, ingawa huchanganywa) ikahama kutoka kipengele hadi kipengele. Husikiliza kinachotajwa, kisha hugonga mara mbili kukubali.

Tuchukue ukurasa wa kuthibitisha kutuma pesa. Mwenye kuona hutupa jicho mara moja akapata jina la mpokeaji, kiasi na vitufe viwili. Fokasi ikianzia kwenye kitufe, asiyeona husikia tu: "Sawa, kitufe." Sawa nini? Isimu amali hutufunza kuwa usemi hutegemea muktadha. Hapa fokasi imekipokonya kitufe muktadha wake, na akigonga, pesa zimekwenda. Kwa maoni yangu, fokasi ianzie kwenye maelezo ya malipo, na kitufe kiitwe "Tuma shilingi 5,000". Wanaodai kwamba kitufe hakina nafasi ya maneno hayo hawana hoja: jina linalotamkwa na kisoma-skrini laweza kuwa refu kuliko linaloonekana, mradi liwe na maneno yale yale yaonekanayo. Kibaya zaidi ni kitufe chenye picha tupu, kisichopewa jina lolote.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sioni kwa nini viwili hivi visisomwe pamoja.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Mfasiri wa programu mara nyingi hupewa orodha ya maneno yaliyotengwa na kurasa zake. Neno moja la Kiingereza laweza kuwa kitenzi cha kuamuru au kivumishi, naye akaandika "Wazi" palipohitaji "Fungua". Anayepewa orodha ya namna hiyo na aitishe programu yenyewe, awashe kisoma-skrini, afumbe macho, kisha asikilize kila kitufe kikitajwa.