Dhamiri siyo mahakama

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, tuambiane ukweli. Tumeangalia Scarlet Street, filamu ya mwaka 1945. Chris Cross, karani wa fedha, anamuua Kitty. Anayehukumiwa kifo ni Johnny, mwizi kweli, lakini hakuua. Chris anabaki huru. Sauti za marehemu zinamsumbua mpaka analala nje. Akienda kukiri kwa polisi, wanamwona kichaa tu.

Sasa kuna wanaotuambia: mnaona, dhamiri inamwadhibu muuaji, basi sameheni, maisha yaendelee. Sisi hatukubali! Hizo sauti zimemrudishia Johnny uhai? Na je, yule muuaji asiyesikia sauti yoyote? Tuliokimbia vita tunajua wapo wanaolala usingizi mzuri kabisa. Fritz Lang, aliyeiongoza filamu hii, aliondoka Ujerumani mwaka 1933, Hitler alipochukua madaraka. Hakutuonyesha haki pale, alituonyesha haki ikikosekana.

Kusamehe tutasamehe wenyewe, siku yetu ikifika. Semina zinatosha. Leteni watu wa kuandika ushahidi wetu, wakati majina bado tunayakumbuka.