Vikwazo visiachiwe mlango wa uani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu vikwazo vya kiuchumi. Wengi wetu tukisikia vikwazo tunafikiria bidhaa tu, kama mafuta na silaha. Lakini bidhaa haziendi zenyewe. Zinahitaji meli, bendera ya meli, bima, benki na wakala. Huduma hizo zikipenyezwa kupitia nchi ya tatu, vikwazo vinabaki kwenye makaratasi.

Sisi wa kusini hatuna sababu ya kulisahau jambo hili. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru. Desemba mwaka huo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kuwa haikuchukua hatua ya kuwaondoa. Mei 1968 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 253, likapiga marufuku karibu biashara yote na Rhodesia.

Manowari za Kiingereza zilikuwa zikilinda njia ya Beira tangu 1966. Hata hivyo Smith hakukosa mafuta. Yalipita Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, na Afrika Kusini. Ripoti ya Bingham, iliyotolewa Uingereza mwaka 1978, ilieleza jinsi kampuni za Shell na BP zilivyobadilishana mafuta na Total huko Afrika Kusini: wao waliipa Total mafuta, nayo Total ikawauzia walowezi. Vitabuni mikono ilionekana safi. Na ilikuwa Aprili 1976, kwa azimio namba 388, ndipo Baraza la Usalama lilipoibana pia bima ya bidhaa hizo.

Mwezi mmoja kabla ya azimio hilo, Msumbiji ilikuwa imefunga mpaka wake na Rhodesia. Serikali iliyoufunga ni ya FRELIMO, ambayo wapiganaji wake walipata mafunzo hapa Nachingwea. Msumbiji ilipoteza mapato makubwa ya reli na bandari, lakini haikukubali kuwa uchochoro wa walowezi.

Je, sisi tuliowapa hifadhi wapiganaji hao tumekuwa waangalifu kiasi gani? Mwaka 2012 iligundulika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zimeandikishwa chini ya bendera ya Tanzania, kwa mkono wa wakala aliyekuwa Dubai. Agosti mwaka huo serikali ilitangaza kuwa inazifutia usajili meli 36. Tena Januari 2018 Ugiriki iliikamata meli Andromeda, yenye bendera yetu, ikiwa na shehena ya vifaa vya milipuko iliyohofiwa kwenda Libya, nchi iliyowekewa marufuku ya silaha na Umoja wa Mataifa tangu 2011. Mwezi huo huo Rais Magufuli aliagiza usajili mpya wa meli za nje usimamishwe.

Atatokea wa kusema kwamba vikwazo vya mafuta ya Iran vya mwaka 2012 viliwekwa na Marekani na Umoja wa Ulaya, si na Baraza la Usalama, na kwamba nchi huru haiburuzwi. Nakubali kuwa haiburuzwi. Lakini kama tunavikataa vikwazo vya mkubwa fulani, basi serikali yetu itamke hivyo mchana kweupe. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kuachiwa wakala aliyekaa ng'ambo akihesabu ada yake. Ada anapata yeye, lawama inabaki kwa Watanzania wote.

Naishauri serikali mambo mawili. Kwanza, meli yoyote ya nje isipewe bendera yetu mpaka maofisa wetu wenyewe wamjue mwenye meli hasa, siyo jina lililoandikwa kwenye fomu. Pili, orodha ya meli zenye bendera yetu itangazwe kwa wananchi mara kwa mara.

Tulidai dunia izibe matundu yote ya kumpitishia Smith riziki. Haifai tundu hilo lionekane kwetu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nkowe, Ruangwa.