Bastola Haikai Mkekani

Mwezi uliopita bamkubwa wangu alinipigia simu akitaka nimtafutie mfuko wa bastola. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. Bastola anayo, anaimiliki kihalali, na leseni iko sawa. Kinachomsumbua ni tumbo. Akiichomeka mbele, kitako kinamchoma kila akiinama. Akiivaa nyuma ya nyonga, mkono haufiki, maana bega lake limekakamaa siku nyingi. "Wewe ndiye msomi wetu," akaniambia. "Nitafutie ule unaomfaa mtu mzima mwenye mwili."

Bamkubwa ana miaka 66. Amestaafu, anaishi Mbagala, na ana shamba la ufuta na mikorosho kwao Ngorongo, Rufiji. Ananipenda na mimi nampenda. Ndiyo maana nilitafuta kwanza, nikabisha baadaye.

Nilichokuta ni biashara kubwa yenye hekima yake. Wazee wenye vitambi, hasa Marekani, wamelijadili suala hili kwa kina kuliko sisi tunavyojadili Simba na Yanga. Ushauri wao wa kwanza ni mkanda: uwe mpana, mgumu, wa ngozi ya tabaka mbili, kwa sababu bastola yenye risasi inakaribia kilo moja na mkanda laini huachia suruali ishuke. Wa pili ni mfuko wa kwapani, unaoning'inia kwenye mikanda ya mabegani, hivyo uzito unaliacha tumbo na kuhamia mgongoni. Lakini huo unadai koti. Wa tatu ni mshipi wa lastiki unaovaliwa juu ya kitambi, chini ya shati. Wa nne ni kuivaa kwa mbele upande wa kushoto, kitako kikielekea kulia, ili mtu aliyekaa garini aifikie kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba ukiichomoa, mtutu unampitia aliyekaa pembeni yako. Kifundo cha mguu hakifai kwa mzee asiyeweza kuinama. Kuichomeka tumboni upande wa kidole tumbo kunafanya mtutu uelekee kwenye nyonga, ulipo mshipa mkubwa wa damu wa paja.

Ningeweza kumtumia bamkubwa maelezo hayo na mambo yakaisha. Tena ningeongeza la kwetu: Kaunda suti, vazi la wazee wetu wa ofisini, linaficha bastola vizuri kuliko koti lolote. Linakaa nje ya suruali, ni pana kiunoni, na hakuna anayeshangaa mzee kulivaa kwenye joto la Rufiji.

Sikumtumia. Nilimwandikia kwamba tatizo si mfuko, na ninaandika hapa kwa sababu najua si bamkubwa wangu peke yake. Kila familia iliyopata pata siku hizi ina mzee mmoja anayeingia msibani akijishika shika ubavuni.

Nianze na mwili wenyewe. Mifuko yote niliyoisoma imebuniwa kwa maisha ya kiti: kiti cha gari, kiti cha ofisi, kiti cha mgahawa. Maisha ya Ngorongo ni ya mkeka. Mzee akifika kijijini anakaribishwa mkekani. Anakunja miguu, anainama kuosha mikono, anaegemea mbele kufikia sinia analokula na wenzake. Mchana anavua suruali na kuvaa msuli, na hakuna mkanda wa ngozi ya tabaka mbili unaoshikamana na msuli. Adhuhuri anaingia msikitini, anarukuu, anasujudu. Jaribu kusujudu na kilo moja ya chuma tumboni. Usiku anamwita mjukuu, mjukuu anamrukia mapajani.

Katika kila tendo kati ya hayo, bastola lazima itoke. Ikitoka, inawekwa wapi? Ndani ya gari lililoegeshwa chini ya mwembe? Chini ya mto, kwenye chumba kisicho na kufuli? Kwa mke, afunge kwenye kanga? Bamkubwa anadhani anataka mfuko utakaomwezesha kukaa na bastola. Ukweli ni kwamba kila anapotaka kukaa na watu inambidi aitoe, na asipoitoa inambidi akae kando. Nilimwona kwenye arobaini ya marehemu shangazi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, peke yake, wakati wadogo zake wote wako chini. Watu walidhani ni magoti. Watoto walishajua. Kwa mtoto, kitu cha namna hiyo hakifichiki.

Kingine ni hiyo raha anayoitafuta. Wauzaji wa mifuko wanaahidi kwamba utasahau kama umevaa kitu, na wanalisema kama sifa. Mimi naona hiyo ndiyo hatari yenyewe. Silaha inayomchoma mwenyewe inamkumbusha kila dakika kwamba amebeba kifo cha mtu. Iliyosahauliwa ndiyo inayobaki msalani au kwenye kochi, ikaokotwa na asiyejua. Ukinipa uchaguzi kati ya mzee anayelalamika na mzee aliyesahau, namchagua anayelalamika.

Najua jibu la bamkubwa, kwa sababu alinipa. "Wewe hukuwepo Kibiti," alisema.

Ni kweli, na siwezi kulipuuza neno hilo. Kati ya 2015 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika hofu ambayo waliokuwa Dar es Salaam waliisoma magazetini tu. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala na askari waliuawa mmoja baada ya mwingine. Wengi walipigwa risasi usiku majumbani mwao, na wauaji wakatokomea. Watu walilala porini. Wengine waliuacha uongozi, kwa sababu cheo cha kijiji kiligeuka hukumu ya kifo. Bamkubwa alizika marafiki. Hofu yake si ya kuigiza.

Lakini tuiangalie hiyo hofu pamoja na ukweli wake wote. Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa Mkengeni, Kibiti, wakiwa ndani ya gari wakirudi kutoka lindo. Walikuwa vijana kuliko bamkubwa. Walikuwa na mafunzo, na walikuwa na bunduki za kivita, hazikufichwa chini ya shati. Walishambuliwa kwa kuviziwa, na wauaji wakaondoka na silaha zao. Kama askari wanane wenye bunduki mikononi hawakupata nafasi, mzee mmoja mwenye bega lililokakamaa, anayehitaji kupandisha shati, kusogeza kitambi na kuchomoa, angepata nafasi gani? Aliyekuvizia amekwisha kuchagua saa na mahali. Bastola yako kwake ni nyongeza ya mapato ya usiku huo.

Basi kama haimkingi, bamkubwa anaivalia nini? Nadhani jibu liko Rufiji, na ni la zamani. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kusini ya mto, aliwagawia watu maji yaliyoaminika kwamba yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro Agosti 4 mwaka huohuo, na vita vikaendelea kusambaa bila yeye. Tumefundishwa shuleni kuwaheshimu mashujaa wale, nasi tunacheka pembeni imani yao. Mimi sicheki. Wale walikunywa maji pamoja. Maji yaliwaunganisha watu wa makabila yasiyokuwa na jeshi moja wala chifu mmoja, na hilo ndilo lililowatisha Wajerumani.

Hirizi ya leo imeshonewa ngozi vilevile, inavaliwa kiunoni vilevile, na inaaminiwa kuzuia risasi vilevile. Tofauti ni kwamba inamkinga mtu mmoja, aliyeweza kuinunua, na haimuunganishi na yeyote. Msomi anayemcheka bibi mwenye hirizi na kumtafutia baba mkubwa mfuko wa bastola inabidi ajiulize amesomea nini.

Sisemi silaha haina kazi. Ngorongo haiwezi kusema hivyo. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004, simba aliua watu wasiopungua 35 katika vijiji vinane vya Rufiji. Alipouawa, alikutwa na jipu kubwa kwenye jino la gego. Wengine walichukuliwa mashambani, wakati watu wamehamia bondeni kulinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe na nyani, wakilala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti. Simba huyo alimalizwa kwa risasi. Ila ilikuwa risasi ya bunduki iliyotumwa kwa niaba ya vijiji vyote, na wanaojua kuwinda. Kilichowauma watu kilikuwa miezi 20 ya kusubiri. Hilo ndilo swali la usalama Rufiji: kwa nini ulinzi wa wote unachelewa namna hiyo, na nani anawajibika?

Swali la mfuko wa bastola linalifukia swali hilo. Mzee mwenye pensheni akijinunulia ulinzi wake, anaacha kuuliza kituo cha polisi kina gari na mafuta au hakina. Anaacha kuuliza askari wa wanyamapori ni wangapi kwa kata nzima. Mama anayelala kwenye dungu na mtoto mgongoni hana sauti wilayani; sauti alikuwa nayo huyu mzee mwenye Kaunda suti, na sasa mwenyewe anaona amekwisha kujitatulia. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka raia apate leseni kabla ya kumiliki, na mwaka 2016 wamiliki waliitwa kuhakikiwa. Ni vizuri. Lakini leseni inasema tu kwamba unaruhusiwa kumiliki. Haisemi kwamba jirani yako amekuwa salama zaidi.

Na kuna jina ambalo siwezi kuandika habari za Kibiti nikaliruka. Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi, aliripoti mauaji yale akiwa hukohuko. Novemba 21, 2017, alichukuliwa na watu wasiojulikana. Hajaonekana tena. Zipo familia nyingine zilizopoteza watu wao katika miezi ile ya operesheni na hazijapata hata kaburi la kusomea dua. Alichokuwa anabeba Azory kilikuwa daftari na kalamu. Niambie ni mfuko gani, wa kwapani au wa kiunoni, ungemrudisha nyumbani. Kinachoweza kuwalinda watu kama yeye ni nchi ambayo mtu akipotea, ofisi zinalazimika kujibu. Hiyo haiuzwi, na mtu hawezi kuichomeka kiunoni peke yake.

Vijana wenzangu, huku ndiko ninakotaka tusimame. Wazee wetu wanatuomba vitu hivi kwa sababu tunajua kutafuta. Tunatafuta, tunatuma, tunajisifu kwamba tumesaidia. Mara nyingine msaada ni kukataa, kwa adabu, na kutoa sababu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walimaanisha mtu wa karibu, lakini sijaona mahali maneno yale yamekaa sawa kama chini ya shati la mzee mwenye bastola asiyeijua tena, mwenye wajukuu tisa wanaopenda kumpapasa mifuko wakitafuta pipi.

Nilimwandikia bamkubwa yote haya, kwa heshima, nikaanza na shikamoo. Nikamwambia kama ni lazima abaki nayo, basi anunue sanduku la chuma lenye kufuli, alifunge Mbagala, na funguo asimpe mtu. Mkanda mpana nitamnunulia mimi, wa kushikia suruali tu. Halafu tukienda Ngorongo mwezi ujao tupite kwa mtendaji wa kata, yeye kwa mvi zake na mimi kwa kalamu yangu, tukaulize habari za askari wa wanyamapori kabla mpunga haujaanza kuiva.

Ujumbe ameusoma. Hajajibu. Mama ananiambia amenuna, anasema watoto wa siku hizi wanasomeshwa ili waje kuwafundisha wakubwa. Nakubali nimevuka mpaka kidogo. Lakini jana alimuuliza mama, kama jambo la kupita tu, sanduku kama lile linauzwa bei gani.