Manjano Jikoni, Nazi Mwilini: Starehe Njema za Nyumbani

Ukipita Mikese asubuhi, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro, utakuta chapati kwenye kikaango, bajia za dengu na chai ya tangawizi ikichemka. Hakuna anayedhani kwamba anakula chakula cha kigeni. Hata hivyo chapati, bajia, achari na kachumbari zilitufikia kutoka Bara Hindi. Majahazi yaliyosafiri kwa pepo za kaskazi yalileta vitu vya huko pwani, na reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, ikipita hapa hapa Mikese, iliwasaidia wenye maduka kuvifikisha bara.

Pamoja na chakula tunazo desturi za kutunza mwili zinazofanana na za Wahindi: mafuta ya nazi, unga wa dengu na manjano kwa ngozi, liwa, wanja. Maoni yetu ni haya: familia zetu zifurahie starehe hizi bila kuona haya, maana nyingi ni za bei nafuu na zina manufaa. Lakini zibaki kuwa starehe. Zikigeuzwa dawa ya kila ugonjwa, au njia ya kutafuta weupe, zitatudhuru.

Tuanze na chungu. Dengu, choroko na mbaazi hujenga mwili, na zikiliwa pamoja na wali au ugali hukamilishana vizuri, hata katika nyumba isiyonunua nyama kila wiki. Zina pia madini ya chuma yanayohitajiwa na damu. Kamulia ndimu au kula na kachumbari, kwani vitamini C husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Kinyume chake, majani ya chai huyazuia. Kwa hiyo mama mjamzito asinywe chai pamoja na chakula. Angoje kama saa moja baada ya kula. Watoto wadogo wapewe uji au maziwa badala ya chai. Na ninyi wakubwa, tangawizi na iliki zimekwisha kuipa chai ladha. Ya nini vijiko vinne vya sukari?

Kuhusu viungo, tunashauri vinunuliwe vikiwa vizima na kutwangwa nyumbani. Sisi wa Morogoro hatuna udhuru. Iliki, mdalasini na pilipili manga hulimwa katika milima yetu ya Uluguru, na huuzwa sokoni mjini. Unga unaong'aa mno usituvutie. Huko Bangladesh watafiti walieleza mwaka 2019 kwamba baadhi ya wafanyabiashara walipaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili yapendeze. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto, hata yakiwa kidogo. Serikali ya huko ilichukua hatua kali, na kufikia mwaka 2021 manjano ya namna hiyo hayakupatikana tena katika sampuli za masokoni. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa ngozi. Mafuta ya nazi yakipakwa mara baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu, hulainisha ngozi kavu vizuri. Hayamkingi mtu na jua, kwa hiyo ndugu zetu wenye ualbino bado wanahitaji kofia, mikono mirefu na mafuta maalumu. Unga wa dengu uliochanganywa na manjano kidogo na maji husafisha uso wa mtu mzima. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, ungoje siku moja, ukiwashwa, acha. Usipake penye kidonda.

Lakini manjano hayabadili mtu mweusi kuwa mweupe, na hakuna haja hiyo. Wapo mabinti wanaoanza na manjano, na wasipoona weupe huhamia kwenye mkorogo. Krimu nyingine za namna hiyo zina zebaki, ambayo huharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unapinga vipodozi vya aina hiyo, na hapa nchini Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalosimamia vipodozi tangu mwaka 2019. Lakini TBS haiwezi kukaa katika kila chumba cha kulala. Akina baba, mnapomsifu binti kwa weupe wake tu, mnamfundisha kuuchukia mwili wake.

Mwisho, watoto wachanga. Tunawaheshimu bibi zetu, lakini hapa tunawaomba watusikilize. Wanja mwingine una madini ya risasi. Usipakwe machoni mwa mtoto wala kwenye kitovu. Kitovu kiachwe safi na kikavu, bila manjano wala mafuta, isipokuwa dawa iliyoelekezwa na mhudumu wa afya. Kikitoa usaha, au ngozi yake ikiwa nyekundu, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Basi, chungu cha choroko kichemke, chai inukie iliki, na chupa ya mafuta ya nazi isikose nyumbani. Starehe hizi tayari ni zetu. Tuzitumie kwa akili, na watoto wetu wapende kula vizuri na waipende ngozi waliyozaliwa nayo.